Chanda Chema na Pete Yake

Hotuba kwa wanafunzi, walimu, wazazi na wafanyakazi wa shule, Siku ya Wanawake Duniani

Mwenyekiti wa bodi, mwalimu mkuu, walimu wenzangu, wazazi, wafanyakazi wote wa shule hii, na ninyi wanangu mlioketi mbele yangu: asanteni kwa kunialika. Nimefundisha fizikia kwa miaka 31. Leo nina jambo moja tu la kusema, na limenikaa rohoni kwa muda mrefu, kwa hiyo naomba mnivumilie nikilizunguka.

Asubuhi nilifika mapema kuliko tulivyokubaliana. Wavulana walikuwa wanaingiza viti. Wasichana wanne walikuwa wamepiga magoti sakafuni wakimalizia bango mnaloliona nyuma yangu. Nikainama kulitazama kwa karibu. Herufi zimepangwa kwa rula, na mistari ya penseli bado inaonekana chini ya rangi. Ile W ya "Wanawake" imewekewa kivuli upande mmoja, mpaka unaona kama imesimama mbele ya kitambaa. Kazi ile si ya kubahatisha. Aliyechora kivuli kile anajua mwanga unatoka upande gani.

Nikauliza, "Nani amechora hii?" Mmoja wao, vidole vimejaa rangi ya zambarau mpaka kwenye kucha, akanijibu bila kuinua kichwa: "Ni sisi tu, mwalimu." Nikauliza, sisi nani? Wakacheka. Nilipouliza mara ya tatu, mwenzake akamgusa kwa kiwiko akasema, "Si huyu hapa." Huyo mwenyewe akaficha mikono nyuma.

"Ni sisi tu." Hilo neno "tu" nimelisikia miaka yote 31. Nimelisikia maabara, nimelisikia kwenye vikao vya walimu, na mara nyingine nimelisikia likitoka kinywani mwangu mwenyewe.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Siku kama ya leo ni siku ya kuvika pete, na ninyi mmeiandaa kwa moyo. Ninachoomba ni kwamba kabla ya kuvika tuulize kidole ni kipi. Ukifuatilia habari za kazi za wanawake utaona kwamba vidole vilikuwepo na vilifanya kazi, ila pete ilipofika ikavikwa kidole cha jirani.

Hata tarehe ya leo ina kisa hicho ndani yake. Siku ya wanawake iliadhimishwa kwanza nchini Marekani, Februari 28, 1909, na anayetajwa kuwa ndiye aliyetoa wazo ni Theresa Malkiel, mhamiaji aliyewahi kuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Wangapi humu mmewahi kulisikia jina hilo? Mwaka 1910, mjini Copenhagen, Clara Zetkin wa Ujerumani akapendekeza siku hiyo iwe ya dunia nzima, na wanawake zaidi ya 100 kutoka nchi 17 wakakubali. Mwaka uliofuata ikaadhimishwa Austria, Denmark, Ujerumani na Uswisi, lakini ilikuwa Machi 19.

Machi 8 ilitoka kwingine. Mwaka 1917, katika jiji la Petrograd nchini Urusi, wanawake wa viwanda vya nguo waliacha mashine wakaingia barabarani kudai mkate na mwisho wa vita. Kwa kalenda ya Warusi ya wakati ule ilikuwa Februari 23, na kwa kalenda yetu ni Machi 8. Viwanda vingine vikawafuata. Baada ya siku chache askari nao wakaasi. Wiki moja tangu siku ile, mfalme wa Urusi alikuwa ameachia kiti. Umoja wa Mataifa ulianza kuiadhimisha siku hii mwaka 1975, na mwaka 1977 Baraza Kuu likaziomba nchi zote ziiadhimishe. Wanaume waliotwaa madaraka Petrograd baada ya hapo wamo kwenye kila kitabu cha historia. Wanawake walioziacha mashine zao asubuhi ile, majina yao ni nadra kuyakuta. Wao nao wangeulizwa, huenda wangejibu: ni sisi tu.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, kwa hiyo mtaniruhusu nikae kidogo na mwanafizikia mmoja.

Jocelyn Bell alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu Cambridge, Uingereza. Miaka yake miwili ya mwanzo alishiriki kuijenga darubini ya redio, yaani mtambo wa kupokea mawimbi ya redio kutoka angani: kupigilia nguzo ardhini kwa nyundo kubwa na kufunga nyaya uwanjani. Darubini ilipoanza kazi mwaka 1967 haikutoa picha nzuri za nyota kama mnazoziona kwenye vitabu. Ilitoa karatasi yenye mstari wa wino, karibu mita 30 kila siku. Mita 30, wanangu, ni kama madarasa matatu au manne yaliyopangana. Kazi ya kuisoma yote, kwa macho, ilikuwa yake.

Ndani ya karatasi hiyo akaona alama ndogo isiyofanana na nyingine. Mtu mwingine angeipita. Yeye akakumbuka kwamba alishaiona alama kama hiyo kabla, sehemu ileile ya anga. Msimamizi wake alidhani ni mawimbi ya hapahapa duniani yaliyoingilia mitambo. Jocelyn akaendelea kuifuata, akaongeza mwendo wa karatasi ili alama itanuke, na hapo akaona mapigo: pigo moja kila baada ya sekunde 1 na theluthi, bila kukosa. Ilikuwa nyota ya aina ambayo hakuna binadamu aliyekuwa ameigundua. Leo tunaziita pulsa.

Habari ilipotangazwa mwaka 1968, waandishi walimwuliza msimamizi wake maana ya ugunduzi kwa sayansi. Jocelyn wakamwuliza kuhusu urefu wake na idadi ya wachumba. Mwaka 1974 ugunduzi ule ulipata Tuzo ya Nobel. Walioitwa jukwaani ni msimamizi wake, Antony Hewish, na mwenzake Martin Ryle. Jocelyn Bell Burnell, kwa jina analotumia leo, hakwenda kulalamika mahali popote. Mwaka 2018, akiwa na miaka 75, alipewa tuzo nyingine, ya dola milioni 3. Zote akazitoa ziwasomeshe wanafunzi wa fizikia wanaotoka kwenye makundi yanayokosekana katika fani hiyo, wasichana wakiwemo.

Hakuwa peke yake. Rosalind Franklin alisimamia kazi iliyotoa, mwaka 1952, picha ya eksirei iliyosaidia kulifahamu umbo la DNA, ile inayobeba sifa tunazorithi, na picha hiyo ikaonyeshwa kwa watafiti washindani bila yeye kujua. Tuzo ilipokuja mwaka 1962 alikuwa ameshafariki miaka minne kabla, akiwa na miaka 37. Nobel haipewi marehemu, hilo naelewa. Lakini mwanafizikia Lise Meitner alikuwa hai. Alikuwa hai na ana akili zake timamu wakati tuzo ya mwaka 1944, ya kupasuliwa kwa kiini cha atomu, ilipopewa Otto Hahn peke yake, mtu aliyeshirikiana naye kwa miaka 30. Leo elementi namba 109 inaitwa maitneriamu kwa heshima yake. Alikuwa ameshafariki jina hilo lilipotolewa.

Sasa mtasema, mwalimu, hayo ni mambo ya wakubwa na ya mbali. Ngoja niwaambie la karibu, na mkosaji ni mimi.

Miaka mingi iliyopita, katika shule nyingine, nilikuwa naandaa vikundi kwa ajili ya maonyesho ya sayansi. Kikundi kimoja kilikuwa na watu watano, wavulana wanne na msichana mmoja. Waliamua kuchunguza timazi: jiwe limefungwa kwenye uzi, linabembea. Wavulana waliamini kwamba jiwe zito litabembea haraka. Yule msichana akasema tupime kwanza. Akaazima saa ya mkononi. Akahesabu mabembeo 20, akaandika muda. Akarudia mara tano. Akabadilisha jiwe, muda haukubadilika. Akafupisha uzi, muda ukapungua. Alikuwa na daftari dogo la mistari, na nakumbuka kila namba aliiandika mara mbili, mara ya kwanza kwa penseli, mara ya pili kwa kalamu baada ya kuhakiki. Wenzake walikuwa wanashika uzi.

Siku ya maonyesho, mvulana mmoja mwenye sauti nzuri akasimama kueleza. Msichana alikuwa pembeni, ameshika uzi. Majaji wakafurahi. Wakaniuliza kiongozi wa kikundi ni nani, na mimi, niliyekuwa nimekaa maabara jioni tatu nikimtazama yule binti akihesabu, nikataja jina la aliyesimama mbele. Cheti kikaandikwa jina hilo "na wenzake". Kikatundikwa ofisi ya mkuu wa shule, kwenye fremu ya mbao.

Mwaka uliofuata, wakati wa kuchagua masomo, yule binti hakuchagua fizikia. Nilimwita nikamwuliza kwa nini, na wewe ulifanya vizuri vile kwenye timazi? Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. Akasema, "Mwalimu, mimi nilikuwa msaidizi tu."

Hakuwa anajinyenyekeza. Aliamini. Alisoma kilichoandikwa ukutani, akaamini maandishi ya walimu wake kuliko daftari lake mwenyewe. Mtoto wa miaka kumi na tano afanyeje? Tunamfundisha kila siku kwamba kilichoandikwa na mwalimu ndicho sahihi.

Tangu siku ile sijawahi kuandika "na wenzake" kwenye kitu chochote.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mimi yule binti nilimnyima haki yake hata bila kumnyonga. Sikuwa na ubaya naye. Nilimpenda. Nadhani hapo ndipo walimu na wazazi tunapaswa kujitazama kwa makini zaidi, kwa sababu tunatafuta ukosefu wa usawa kwa watu wabaya, wenye maneno makali, na watu hao wapo. Lakini pete nyingi zinavikwa kidole kisicho chake na watu wema waliokuwa na haraka.

Nimewahi kufikiri kwamba sisi tunaozungumza Kiswahili tuna bahati. Hatuna "yeye" wa kiume na "yeye" wa kike. Ukisema "daktari amefika, anawasubiri," hujasema kama ni mwanamume au mwanamke, na sentensi haidai kujua. Mwanasayansi, rubani, hakimu, fundi, mwalimu: maneno hayo yote yana milango miwili iliyo wazi. Lakini sikilizeni tunavyoyatumia. Tunasema "rubani", halafu tunasema "rubani wa kike". Tunasema "fundi" na "fundi mwanamke". Msichana akithubutu kupanda paa kurekebisha bati tunamwita jike dume, na wengine wanadhani wamemsifu. Kwa nini aitwe dume ili asifiwe? Lugha imefungua mlango, sisi tumeweka kiti katikati.

Kuna uchunguzi mmoja ambao kila mwalimu angefaa kuujua. Mtafiti David Chambers aliwaomba watoto 4,807 wa shule, kuanzia chekechea hadi darasa la tano, wamchoree mwanasayansi. Hakusema mwanamume wala mwanamke. Karibu nusu yao walikuwa wasichana. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1983 yalikuwa hivi: katika picha zote hizo, wanasayansi wanawake walikuwa 28. Wote 28 walichorwa na wasichana. Hakuna mvulana hata mmoja aliyechora mwanamke.

Mambo yamebadilika tangu wakati huo, nami nafurahi kulisema. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walikusanya tafiti 78 za aina hiyo, zenye watoto zaidi ya 20,000, wakakuta kwamba tangu miaka ya 1980 karibu picha 28 kati ya kila 100 zilikuwa za wanawake. Ni hatua. Ila kuna jambo ndani yake lililonikosesha usingizi. Wasichana wa miaka 6 walichora mwanamke katika picha kama 70 kati ya 100. Wasichana wa miaka 16 walichora mwanamke katika picha kama 25 kati ya 100. Mtoto yuleyule anaingia kwetu akijiona kwenye koti jeupe la maabara, na anapokaribia kumaliza amelivua amempa mwingine. Katikati ya miaka 6 na 16 alikuwa wapi? Alikuwa shuleni. Alikuwa nyumbani pia, na kwenye televisheni, lakini saa zake nyingi za mchana alikuwa na sisi.

Kwa hiyo naomba tutazame yanayotokea kwenye saa hizo.

Mwalimu anauliza swali. Mtoto mmoja anapaza sauti: "Mimi, mimi, mimi!" Mwalimu anamchagua, somo linasonga. Mtafiti mwingine, Mary Budd Rowe, alipima kwa saa muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza. Wengi walisubiri sekunde moja hivi. Aliwafundisha kusubiri sekunde 3, na akakuta majibu yanarefuka, yana sababu ndani yake, na watoto waliokuwa hawasemi wanaanza kusema. Sekunde 3. Hazihitaji bajeti wala kikao cha bodi. Nilipojaribu kwa mara ya kwanza niliona kama saa nzima. Darasa lilikuwa kimya mpaka nikasikia feni. Halafu msichana wa dawati la mwisho, ambaye nilikuwa nikimpa alama za "ushiriki hafifu" kwenye ripoti zake, akainua mkono nusu, chini ya usawa wa bega. Alikuwa na jibu. Nadhani alikuwa nalo muhula mzima.

Angalieni pia zamu. Nani anafuta ubao? Nani anatumwa kubeba kompyuta na nani anatumwa kuleta maji ya mgeni? Kwenye vikundi, nani ni "katibu" kila mara kwa sababu ana mwandiko mzuri? Ukatibu ni kazi ya heshima, lakini anayeandika mawazo ya wenzake tangu Januari hadi Desemba hapati nafasi ya kusikia ya kwake. Na sisi walimu wanawake, tujiulize vilevile ni nani anayeandika muhtasari wa kikao cha walimu, na ni nani anayeandaa meza ya wageni, na tangu lini.

Kuna jambo nitalisema kwa kifupi na kwa uwazi, wavulana msicheke. Msichana anapokuwa kwenye hedhi na choo cha shule hakina maji, au mlango hauna komeo, anabaki nyumbani. Akibaki siku mbili au tatu kila mwezi, hesabu mnaijua wenyewe. Shule inayopamba ukumbi kwa zambarau ianze na komeo la choo. Mwalimu mkuu, nimepita kuviangalia asubuhi, nimeona maji yanatoka na ndoo za taka zina vifuniko. Nakushukuru kwa hilo kuliko unavyodhani.

Sasa uongozi. Nchini India, mwaka 1993, katiba ilirekebishwa ili theluthi moja ya nafasi za uongozi wa mabaraza ya vijiji itengwe kwa wanawake. Vijiji vilivyopaswa kuongozwa na mwanamke vilichaguliwa kwa bahati nasibu, kwa hiyo watafiti walipata nafasi adimu ya kulinganisha. Walikwenda vijiji 495 katika jimbo la Bengali Magharibi wakawauliza wazazi na vijana: mtoto huyu unataka afike wapi? Kwenye vijiji visivyokuwa na kiongozi mwanamke, wazazi waliwatakia wavulana makubwa zaidi. Kwenye vijiji vilivyoongozwa na mwanamke kwa vipindi viwili, pengo hilo lilipungua kwa robo kwa wazazi, na kwa karibu theluthi kwa vijana wenyewe. Pengo la elimu kati ya wasichana na wavulana likafutika. Wasichana wakapunguziwa muda wa kazi za nyumbani. Watafiti, waliochapisha matokeo yao mwaka 2012, walieleza kwamba kilichofanya kazi kubwa ni kule kuonekana tu: watoto walimwona mwanamke akiendesha kikao, akisaini, akikosea, akirekebisha.

Naomba mkazie macho yale maneno "vipindi viwili". Kiongozi mwanamke mmoja anayepita mara moja, watu humchukulia kama tukio. Huzungumzwa kama mvua ya kiangazi. Akija wa pili, watoto huanza kuona ni jambo la kawaida. Nimesikia mnajivunia kwamba mwaka juzi kiranja mkuu alikuwa msichana, nami nawapongeza. Swali langu ni la mwaka huu na mwaka ujao. Na kiranja wa maabara je, na wa michezo, na yule anayeshika funguo za chumba cha kompyuta?

Wavulana, wanangu, nimewaona mnaanza kujikunyata kwenye viti. Sikuja kuwashitaki. Nataka niwape kisa kimoja kiwe chenu.

Mwaka 1903, wanasayansi wa Ufaransa waliandika barua kupendekeza Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi ya mionzi. Waliandika majina mawili, ya wanaume: Henri Becquerel na Pierre Curie. Jina la Marie Curie halikuwemo, ingawa uchunguzi ule ulikuwa utafiti wake wa shahada ya uzamivu, na neno lenyewe la unururifu, yaani "radioactivity", ni yeye na Pierre waliolitoa. Mwanahisabati mmoja wa Uswidi, Gösta Mittag-Leffler, alipata habari akamdokeza Pierre. Pierre angeweza kunyamaza. Tuzo ilikuwa inakuja nyumbani kwake vyovyote vile. Mke angefurahi, majirani wangempongeza. Akakaa akaandika barua, akasema kama ni kweli wanafikiria kumpa tuzo, basi angependa wafikiriwe pamoja, yeye na Madame Curie. Jina likaongezwa. Marie akawa mwanamke wa kwanza kupata Nobel. Mwaka 1911 akapata ya pili, ya kemia, peke yake. Pierre alikuwa ameshafariki miaka mitano kabla, kwenye ajali ya barabarani.

Ile barua ya Pierre haikumpunguzia kitu. Mvulana wa timazi angeweza kuiandika ya kwake kwa maneno matano: "Aliyepima ni huyu, si mimi." Alikuwa na miaka kumi na tano na hakuna aliyemfundisha. Ninyi leo mmefundishwa. Mkisimama kueleza kazi ya kikundi, semeni nani alipima, nani alichora, nani alifikiria. Na pale kazi ni yenu, semeni ni yenu bila haya, kwa maana haki hiyo ni ya wote. Mvulana anayependa kushona, au kulea wadogo zake, au kuandika mashairi, naye anahitaji kazi yake itajwe kwa jina lake bila mtu kumcheka.

Wazazi, barua hiyo ni yenu pia. Kina baba, binti akirudi na alama nzuri za hesabu msiseme "amefanana na mimi" mkaishia hapo. Mwulizeni alipata vipi. Kaeni asimulie. Na kina mama, mnaosema mbele ya watoto "mimi hesabu zilinishinda, mwulize baba yako": mnaendesha bajeti ya nyumba nzima kwa fedha isiyotosha, mwezi baada ya mwezi, kisha mnasema hesabu ziliwashinda. Watoto wanawasikia.

Kabla sijakaa, kuna watu ambao sherehe za namna hii huwasahau, nao ndio wanaotuwezesha kuwa hapa. Nimezungumza asubuhi na mama wa jikoni anayejua kwa macho tu, mstari ukianza kuingia, kama chakula kitatosha, na anajua ni watoto gani wanarudi mara ya pili kwa sababu nyumbani hawajala. Nimezungumza na karani anayejua majina ya wanafunzi wote na ya wazazi wao. Nimemwuliza msichana wa mbele hapa jina la mama anayefagia darasa lao. Akasema, "Tunamwita mama usafi." Ana jina. Miaka tisa anafungua madirisha yenu kabla hamjafika. Mkitaka kazi ya leo, baada ya picha na keki, nendeni mkamwulize jina lake, mjue na ametoka wapi na anajua nini. Nitashangaa msiporudi na hadithi.

Mwalimu mkuu, niliona kwenye korido ubao wa majina ya washindi na viongozi waliopita. Umeandikwa kwa rangi ya dhahabu, ni mzuri. Ninaomba shule ifungue na daftari. La kawaida tu, likae maktaba, kila mtu aweze kulisoma. Kila kazi inayofanywa hapa iandikwe humo na jina la aliyeifanya: aliyechora, aliyepima, aliyetengeneza dawati, aliyetunza bustani, aliyemfundisha mwenzake mpaka akaelewa. Tarehe, kazi, jina kamili. Lisiandikwe "na wenzake". Mwaka ujao siku kama ya leo, msimtafute mgeni. Lifungueni mlisome kwa sauti.

Nimekuja na daftari la kwanza, hili hapa, na kalamu. Ukurasa wa kwanza nimeshaandika tarehe, na nimeandika: Bango la Siku ya Wanawake, kitambaa, herufi za zambarau, kivuli upande wa kushoto. Mbele yake nimeacha nafasi.

Wasichana wanne mliokuwa sakafuni asubuhi, naomba msimame. Aanze yule mwenye rangi kwenye vidole. Njoo mwanangu, usifiche mikono, na usiniambie "sisi tu". Andika majina yako yote mawili. Hatuna haraka, tunasubiri.